MENO YA BANDIA: MATATA HUANZA KATIKA CHAPA

Katika vijiji vingi yupo mzee ambaye meno yake hukaa mfukoni. Akialikwa harusini huyafungua katika kitambaa, akayavaa ili apige picha pamoja na maharusi na wageni wamwone akicheka. Chakula kinapoletwa huyatoa kwa siri, akayarudisha mfukoni, na nyama humpita akiitazama tu. Akiulizwa, hujibu kwamba meno ya kununua ni pambo kama tai ya shingoni, wala hayakufanywa kwa kulia chakula.

Maneno hayo si ya kweli, ingawa mzee huyasema kwa moyo safi. Meno ya bandia yaliyofanywa vizuri hutafuna ugali, mboga, maharagwe na hata nyama iliyopikwa ikaiva. Hayana nguvu za meno aliyozaliwa nayo mtu, lakini hukaa mahali pake, mwenyewe akazungumza barazani bila ya kuziba mdomo kwa mkono. Yasipokaa, mara nyingi watu huyalaumu meno yenyewe, kwamba ni makubwa mno au ni ya rangi mbaya. Walakini fundi mwenye ujuzi huuliza kwanza jambo jingine: je, chapa ya kinywa ilichukuliwaje?

Chapa ni alama ya ufizi iliyopigwa katika kitu laini, kama unyayo katika udongo wa mvua. Plasta humiminwa katika alama hiyo, nayo ikikauka hutoka mfano wa ufizi ulio sawasawa na kinywa cha mtu. Juu ya mfano huo ndipo meno hujengwa. Chapa ikiwa na kosa, mfano huwa na kosa lile lile, na meno hali kadhalika. Hapana ufundi wa baadaye uwezao kuliondoa.

RAIS NA PEMBE YA KIBOKO

Taabu hii ni ya zamani, wala haikuchagua maskini. George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, alipoapishwa mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu kinywani. Watu wengi husimulia kwamba meno yake yalikuwa ya mti, lakini sivyo. Daktari wake, John Greenwood wa New York, alimchongea meno kwa pembe ya kiboko, mnyama wa Afrika, akatia na meno ya wanadamu. Sehemu ya juu na ya chini zilisukumwa mbali na kamani ili zisianguke. Mwaka 1798 Washington alimwandikia daktari huyo kulalamika kwamba meno yalikuwa yakiisukuma midomo yake nje.

Shida ya pembe ni kwamba ni kitu kigumu. Fundi huichonga kidogo, akaijaribu, akaichonga tena. Lakini hapana kisu kiwezacho kufuata kila bonde na kila mwinuko wa ufizi. Ilitakiwa njia ya kukinakili kinywa chenyewe.

Njia hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mwaka 1756 Philipp Pfaff, daktari wa meno wa Mfalme Frederick wa Prussia, alitoa kitabu mjini Berlin ambamo alieleza namna ya kuchukua alama ya taya kwa nta na kumimina plasta ndani yake. Karne moja baadaye, mnamo mwaka 1856, Charles Stent wa London alitengeneza bonge la utomvu lililolainika kwa maji ya moto na kuwa gumu likipoa. Jina lake lingali likitajwa hospitalini, kwa kuwa vijibomba vitiwavyo katika mishipa ya moyo huitwa stenti, na wengi husema kwamba neno hilo latokana naye.

Katika miaka ile ile ulipatikana mpira mgumu uliopikwa kwa kiberiti, ambao uliweza kushindiliwa juu ya mfano wa plasta ukafuata umbo lake lote. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mpira huo ulianza kuachwa, mahali pake ikaingia akriliki, ambayo huweza kutiwa rangi kama ya ufizi na ambayo bado yatumika. Basi kazi haikuwa tena ya kuchonga, ila ya kusubu katika kalibu. Na mwenye kusubu hutegemea kalibu yake.

TUTA LA UFIZI

Mtu aking'olewa meno yote, hubaki na kigongo cha mfupa kilichofunikwa na nyama, mfano wa tuta la viazi. Nje ya tuta upo mfereji baina ya ufizi na shavu. Ndani yake, katika taya la chini, upo mfereji mwingine chini ya ulimi. Mkulima aliyepata kulinda matuta ya shamba lake kwenye mteremko ataelewa upesi yanayofuata. Jino lilikuwa likiushika mfupa kama mizizi ya nyasi inavyoushika udongo. Likiondoka, mfupa huanza kuliwa, kwa kasi zaidi katika miezi ya kwanza, kisha pole pole katika maisha yote.

Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alichapisha habari za watu waliovaa meno ya bandia, ambao walifuatwa kwa muda wa miaka 25. Aliona kwamba taya la chini hupungua kama mara nne kuliko la juu. Tena eneo la kuegemea meno ya chini ni kama nusu tu ya lile la juu, kwa kuwa juu kuna kaakaa zima, na chini ulimi umechukua nafasi ya katikati. Hii ndiyo sababu karibu kila mwenye meno ya bandia husema, "Ya juu hayana neno, ya chini ndiyo yanitesayo."

Meno hayo hayagandishwi kwa gundi wala kufungwa kwa msumari. Hushikwa na mate. Mtu akichukua vipande viwili vya kioo, akavilowesha na kuvibandika pamoja, ataona taabu kuvitenganisha kwa kuvivuta, ingawa maji ni membamba kabisa. Ndivyo ilivyo kinywani: utando mwembamba wa mate baina ya ufizi na akriliki ndio unaoshika. Lakini sharti vitu viwili vipatikane. Kwanza, akriliki ifuatane na ufizi bila ya nafasi kubwa. Pili, ukingo wake uzibe pande zote, ili hewa isipenye chini yake. Ukingo ukiwa mfupi, hewa huingia na meno huanguka. Ukiwa mrefu, shavu na ulimi huusukuma kila mtu anenapo, na nyama huchubuka ikawa donda. Chapa ndiyo inayoamua mahali pa ukingo huo.

SIKU YA KWANZA

Na achukuliwe kwa mfano mzee wa miaka 68, mkulima wa chai kutoka Kericho, aliyeng'olewa meno yake ya mwisho miezi kadhaa iliyopita. Daktari hamtii kitu kinywani mara moja. Kwanza hutazama na kupapasa kwa kidole: wapi mfupa ni imara, wapi nyama inachezacheza, wapi pana ncha ya mfupa iumizayo. Kama mzee alikuwa na meno ya bandia ya zamani, huambiwa ayavue na kukaa bila ya kuyavaa kwa siku moja au zaidi kabla ya chapa, kwa maana ufizi uliobanwa huwa umepotoka, na chapa ya ufizi uliopotoka ni ushahidi wa uongo.

Kisha huchaguliwa trei, chombo kidogo chenye umbo la kwato ya farasi na mkono wa kushikia. Trei hizo za kwanza ni za dukani, nazo huja kwa saizi mbalimbali kama viatu. Ndani yake hutiwa kitu cha kuchukulia chapa, na kwa kawaida huwa kimoja katika viwili hivi.

Cha kwanza ni kompaundi, iliyo jamaa ya bonge la Stent. Makarani waliopata kufunga barua za Serikali kwa lakiri watalijua tabia yake: hulainika kwa moto na kuwa gumu likipoa. Hutiwa katika maji yenye joto la digrii 55 hadi 60 hivi, hukandwa kwa vidole, hutiwa katika trei na kubonyezwa kinywani. Cha pili ni alginati, unga utokanao na mwani wa baharini wenye rangi ya kahawia. Huo si mwani ulimwao na akina mama wa Zanzibar, ambao ni wa jamii nyingine. Alginati ilienea wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwa sababu kitu kingine kilichotumiwa kabla yake kilitoka Japani na njia zake zilikuwa zimefungwa. Unga huo hukorogwa na maji ukawa kama uji mzito, na katika dakika chache huwa kama mpira laini.

Wakati wa kuchapa, mzee huketi wima, wala hainamishwi nyuma, ili kitu hicho kisimtelemkie kooni. "Mzee," daktari humwambia, "inamisha kichwa mbele kidogo, upumue kwa pua." Wengi husikia kichefuchefu, si kwa uoga bali kwa maumbile ya koo. Mwenye kupumua kwa pua pole pole na kuinua mguu mmoja kutoka sakafuni, huku akili yake ikiwa kwenye mguu, hupitiwa na shida hiyo upesi.

Chapa ya alginati haina subira. Ikiachwa mezani hutoa maji na kusinyaa. Ikitiwa majini huyanywa na kuvimba. Kwa hiyo huoshwa mate, hutiwa dawa ya kuua vijidudu, na kumiminiwa plasta mapema iwezekanavyo, yapendeza isipite robo saa. Chapa iliyokaa dirishani tangu asubuhi mpaka alasiri imekwisha kuwa chapa ya mtu mwingine.

TREI YA MTU MMOJA

Hapa ndipo wasiojua huudhika. Wiki inayofuata mzee hurudi akitazamia meno, na badala yake huambiwa kwamba chapa itachukuliwa tena.

"Daktari, ya kwanza imeharibika?"

"La, Mzee. Ya kwanza ilikuwa ya kutengeneza chombo. Ya leo ndiyo ya kutengeneza meno."

Daktari amesema kweli. Trei ya dukani haikufanywa kwa kinywa cha mzee huyo. Huvuta mashavu upande mmoja na kukosa mfereji upande wa pili. Chapa yake yafaa kuonyesha umbo kwa jumla tu. Kwa mfano wa plasta uliotoka katika chapa hiyo, fundi hutengeneza trei nyingine ya akriliki, iliyo ya mzee huyo peke yake, na kuikata ukingo wake uwe mfupi kwa milimita 2 hivi kuliko kina cha mfereji.

Nafasi hiyo ya milimita 2 ina kazi kubwa. Daktari huchukua kijiti cha kompaundi ilainikayo kwa moto mdogo, mara nyingi cha rangi ya kijani, hukiyeyusha kwenye taa ya spiriti na kukipaka ukingoni mwa trei kipande kwa kipande. Hukichovya katika maji ya uvuguvugu ili kisiunguze, hutia trei kinywani, na kumfanya mzee aonyeshe mazoea yake: anyonye kama anywaye kwa mrija, atabasamu, afumbue kinywa wazi, apeleke taya kushoto na kulia, atoe ulimi, auguse shavu hili na lile. Nyama zikijongea, huisukuma kompaundi na kuipa umbo la ukingo usiopingana nazo. Kisha mzee husema "Aaa", na daktari hutazama mahali ambapo kaakaa gumu hukoma na kaakaa laini huanza kutikisika. Hapo ndipo meno ya juu yatakapokomea. Yakipita hapo humtapisha mwenyewe; yakipungua hayashiki.

Kazi hii huonekana kama mchezo, na mzee aweza kuona haya kutoa ulimi mbele ya kijana aliye sawa na mjukuu wake. Asione haya. Atakayeketi kimya na kukaza midomo atapata meno yafaayo kuketi kimya tu.

KUBONYEZA AU KUTOBONYEZA

Juu ya jambo moja wataalamu wamebishana kwa miaka mingi. Je, ufizi ubonyezwe wakati wa kuchapa, au uachwe ulivyo?

Wa upande wa kwanza husema kwamba meno hufanya kazi mtu atafunapo, na atafunapo ufizi hubonyea. Basi chapa na ichukuliwe kwa kubonyeza. Ndugu wawili wa Marekani waliokuwa wakiitwa Greene walieneza mafundisho ya namna hii mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini mtu hatafuni saa zote. Akinyamaza, nyama iliyobonyezwa hutaka kurudi mahali pake, ikayasukuma meno. Tena nyama ibanwayo mchana kutwa hukosa damu, na mfupa ulio chini yake huzidi kuliwa.

Wa upande wa pili, akiwamo Harry Page wa Marekani aliyeandika katika miaka ya 1930 na 1940, walishika kwamba ufizi uchapwe ukiwa umetulia, kwa kitu chepesi kama maji ya uji. Meno ya namna hiyo hukaa vizuri mtu akipumzika. Lakini wengi wa wafuasi wa njia hiyo walifupisha ukingo, na kwa hiyo mzibo wa hewa ulipungua.

Njia ya tatu, ambayo Carl Boucher aliitetea katikati ya karne ya 20 na ambayo hufundishwa mahali pengi hata leo, ni kupima mzigo kwa nguvu za mchukuzi. Mwenye punda hamtwishi mzigo penye kidonda. Vivyo hivyo, pale ambapo mfupa ni mgumu na nyama ni imara, kama vile upande wa nje wa taya la chini karibu na shavu, ufizi hubebeshwa uzito. Pale palipo na mshipa wa fahamu, au nyama iliyolegea, au mstari wa katikati ya kaakaa wenye nyama nyembamba, huachiwa nafasi. Fundi huweka nta juu ya sehemu hizo anapotengeneza trei, na nta hiyo ikiondolewa hubaki chumba kidogo ambamo kitu cha kuchapia hukaa bila ya kukandamiza.

KARAFUU KATIKA CHAPA

Chapa ya mwisho yahitaji kitu kilicho chepesi zaidi, chenye kuandika hata mkunjo mdogo wa ufizi. Kwa miaka mingi kitu hicho kimekuwa lahamu ya oksidi ya zinki na mafuta ya karafuu. Mzee aliyekaa Mombasa ataitambua harufu yake kabla trei haijafika kinywani, kwa kuwa ni harufu ile ile ya magunia ya Unguja na Pemba. Hutoka katika mirija miwili ya rangi mbili, hukorogwa juu ya karatasi mpaka rangi zote ziwe moja bila ya michirizi, kisha hupakwa nyembamba katika trei. Joto na unyevu wa kinywa huifanya ikaze upesi. Midomo hupakwa vaselini kwanza, maana hunata sana. Kwa mtu mwenye kinywa kikavu, au ambaye karafuu humwasha, daktari hutumia mpira wa silikoni badala yake.

Chapa ikitoka, daktari huichungua kwenye mwanga. Penye tundu la hewa, plasta itatoa kipele ambacho hakimo kinywani. Penye trei inayochungulia kwa kuwa lahamu imesukumwa ikaisha, ufizi ulibanwa mno, na hapo ndipo donda litakapotokea. Akiona kosa, huirudia. Mgonjwa mwenye busara hufurahi kuona chapa yake ikirudiwa, kama mteja afurahivyo fundi cherehani akifumua mshono ulioharibika.

UKUTA WA NTA NA PLASTA-JIWE

Chapa ikisha kupatikana, hatari haijaisha. Fundi asiye mwangalifu humimina plasta ovyo, kisha huuchonga mfano kwa mashine mpaka ukingo wote uliotafutwa kwa taabu ukatoweka. Fundi mwema huzungusha uzi wa nta nje ya chapa, milimita 2 au 3 chini ya ukingo, kisha husimamisha ukuta wa nta pande zote kama mtu ajengaye karai. Ndani ya ukuta huo humimina plasta ngumu, ambayo hupanda juu ya ukingo na kuuhifadhi upana wake na kina chake.

Plasta zote hutokana na jasi, jiwe lichimbwalo pengi duniani, na katika Afrika Mashariki pia, kama vile Makanya huko Tanzania. Jasi ikichomwa kwa kiasi hupoteza sehemu kubwa ya maji yake na kuwa unga. Ukirudishiwa maji huwa jiwe tena, na wakati wa kukaza hutoa joto. Ikichomwa wazi hutoa plasta ya kawaida. Ikichomwa katika mvuke wenye nguvu hutoa punje zilizoshikamana, na hiyo ndiyo plasta-jiwe. Gramu 100 za plasta ya kawaida hutaka maji kama mililita 50. Gramu 100 za plasta-jiwe hutosheka na 30 hivi. Maji yakipungua, matundu hupungua, na mfano huwa mgumu zaidi. Fundi akadiriaye maji kwa macho, akaongeza kidogo ili plasta imiminike kwa urahisi, amekwisha kuudhoofisha mfano wake. Kwa sababu hiyo maji hupimwa na unga hupimwa, na chapa hutikiswa juu ya meza ya mtetemo huku plasta ikiingizwa kutoka upande mmoja, ili hewa itoke mbele yake.

Likabaki jambo moja. Akriliki ikipikwa husinyaa kidogo, na hujivuta kutoka kaakaani kwa upande wa nyuma. Kwa hiyo, kabla ya kupika, mfereji mwembamba usiozidi sana milimita moja hukwaruzwa juu ya mfano, mahali pale penye "Aaa". Mfereji wa mfano huwa mwinuko katika meno, na mwinuko huo hubonyeza nyama laini na kuziba hewa. Kina chake huamuliwa na daktari aliyeipapasa nyama hiyo, si na fundi ambaye hakumwona mgonjwa.

MFANO HUVUNJWA

Baada ya hapo huja kazi nyingine: vipande vya nta vya kupimia kimo cha uso na namna taya zinavyokutana, chombo chenye bawaba kiigacho mwendo wa taya, kuyapanga meno juu ya nta, na kuyajaribu kinywani. Mzee akiridhika, meno na mfano huzikwa pamoja katika kisanduku cha chuma kilichojaa plasta. Nta huyeyushwa ikatoka, akriliki hushindiliwa mahali pake na kupikwa katika maji ya moto kwa saa kadhaa. Kisanduku kikifunguliwa, mfano mara nyingi sharti uvunjwe ili meno yatoke mazima. Ndiyo sababu hapana nafasi ya kurudi nyuma. Kosa lililokuwamo katika plasta limekwisha kuhamia katika akriliki, na shahidi ametupwa jaani.

UFUPI SI UZEMBE

Huenda msomaji akauliza kama hatua hizi zote ni za lazima. Swali ni la haki, na limechunguzwa. Mwaka 2005 watafiti wa Montreal, Kanada, walichapisha habari za jaribio ambamo wagonjwa wengine walitengenezewa meno kwa njia ndefu na wengine kwa njia fupi yenye chapa moja ya alginati. Wagonjwa wa makundi yote mawili waliridhika kwa kiasi kilicho karibu sawa. Tena siku hizi vipo vyombo vya kupiga picha kinywani na mashine zichapazo meno kwa kufuata picha hizo. Walakini ufizi usio na meno ni laini, unateleza na unajongea, na kuunasa ukingo wake katika mwendo kungali ni kazi ngumu kwa chombo hicho.

Mtu asidhani kwamba njia fupi ya wataalamu wale ni sawa na njia ya mkato ya muuza meno apitaye sokoni na mkoba. Wale walifupisha hatua, lakini walijua ukingo uko wapi. Huyu huchapa mara moja, humimina plasta yake jioni, na huleta meno kesho kutwa, kisha haonekani tena. Akiambiwa yanachubua, huyakata kwa tupa, na kila akatapo huzidi kuufungua mlango wa hewa.

Basi kabla ya kutoa fedha, yamfaa mtu kuuliza kama mtengenezaji ana cheti cha kazi hiyo. Na aulize atarudi mara ngapi, na nani atakayeyarekebisha yakiuma. Akichapwa, na afanye yote aambiwayo kwa ulimi na midomo yake. Akisikia kwamba ukingo unamchoma, aseme papo hapo, asingoje kuwa na adabu. Akipewa meno yake, ayavue usiku na kuyaosha, na kila baada ya mwaka au zaidi kidogo arudi yakatazamwe, kwa maana tuta la ufizi huendelea kupungua hata kama akriliki haipungui.

Na mwenye meno yake mwenyewe ayatunze, kwa kuwa hapana kalibu iliyopata kutoa yaliyo bora kuliko hayo. Aliyekwisha kuyapoteza asikate tamaa, wala asifanye haraka, kwani haraka haraka haina baraka. Siku mbili au tatu zaidi kwenye kiti cha daktari, ulimi nje na mate yakichuruzika, ni aibu ndogo kuliko miaka kumi ya kuitazama nyama ya harusi ikipita, na meno yamefungwa katika kitambaa.